Fuata muswada, usifuate jina la kamishna

Ukiwa ndiyo unaanza kufuatilia sera za mazingira za Umoja wa Ulaya, kwa tasnifu au kwa ajili ya shirika lako, utatamani kumpa kila kamishna (mjumbe wa Halmashauri Kuu ya Ulaya, chombo kinachoandaa miswada ya Umoja) alama: huyu kafanya, yule kashindwa. Utapotea. Sheria nzito huko huchukua miaka, na watu hubadilika njiani.

Angalia REACH, sheria ya kemikali. Muswada uliwasilishwa mwaka 2003, Margot Wallström wa Sweden akiwa Kamishna wa Mazingira. Ulipopita Desemba 2006, kiti kilikuwa cha Stavros Dimas wa Ugiriki. Sifa ni ya nani hapo?

Kabla ya hotuba zozote, soma barua ya majukumu ambayo Rais wa Halmashauri Kuu humwandikia kamishna mteule. Mwaka 2014 Jean-Claude Juncker alimwagiza Karmenu Vella wa Malta azitathmini sheria mbili, ile ya ndege wa porini ya 1979 na ile ya makazi ya viumbe ya 1992, na aangalie kama zinaweza kuunganishwa. Watetezi wa mazingira waliielewa barua hiyo mara moja: ulinzi wa asili ulikuwa hatarini. Maoni ya umma yalipokusanywa mwaka 2015, watu zaidi ya laki tano walijibu. Tathmini nayo ikaonyesha kwamba sheria zinafaa, tatizo ni utekelezaji. Desemba 2016 ikaamuliwa zibaki zilivyo. Na ni Vella huyohuyo ambaye katika kipindi chake ilipita sheria ya plastiki za kutumia mara moja, mwaka 2019. Kwangu hakuna mfano bora wa kumfundishia mgeni.

Usiishie Brussels, lakini. Sheria ya kurejesha mazingira asilia, iliyowasilishwa 2022 wakati wa Virginijus Sinkevičius wa Lithuania, ilipita kwenye Baraza la Mawaziri la Umoja wa Ulaya, wanapokutana mawaziri wa nchi wanachama, Juni 2024 kwa kuwa waziri wa Austria, Leonore Gewessler, alipiga kura ya ndiyo huku chama kikubwa katika serikali yake kikipinga.

Kwetu inayogusa zaidi ni sheria ya 2023 kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji misitu, kahawa ikiwemo. Inataka shamba ilikotoka kahawa lijulikane mahali lilipo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na vyama vya ushirika Kagera au Mbale haviwezi kupanga msimu kwa tarehe iliyopitwa. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu zako tenganisha tarehe ya sheria kupitishwa na tarehe ya kuanza kutumika, na uzihakiki upya kila kamishna mpya anapoingia.