Maswali ya Wasomaji: Kujiunga na Frimasoni

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 27 na ninauza vipuri vya pikipiki hapa Nakuru. Nguzo za stima mtaani kwetu zimejaa matangazo ya kuwaalika watu kujiunga na Frimasoni ili watajirike. Nilipiga nambari mojawapo, na aliyepokea akanitaka nimtumie picha ya kitambulisho, nikamtumia, kisha Sh6,500 za usajili kwa M-Pesa, ambazo bado sijatuma. Je, chama hiki kipo kweli, na mtu hujiunga vipi? Mama yangu, ambaye ni Mkatoliki, hataki hata kusikia jina lake.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, usitume pesa hizo. Chama kipo, lakini huyo uliyezungumza naye ni tapeli, na ahadi yake yenyewe inamfichua: anayeingia Frimasoni hutakiwa kutamka mbele ya wanachama, kabla ya kula kiapo, kwamba amekuja kwa hiari yake na kwamba hakuvutwa na tamaa ya fedha. Anayefuata mamilioni angelazimika kuanza uanachama wake kwa uongo.

Chama hiki kilichukua desturi na alama zake kutoka kwa waashi wa mawe wa Uingereza na Uskoti, ndiyo maana wanachama huvaa aproni na nembo yao ni skwea na bikari. Mwaka 1717 loji nne za London, yaani vikundi vya wanachama wanaokutana pamoja, ziliungana chini ya uongozi mmoja, na enzi za ukoloni utaratibu huo ukafika kwetu. Jumba lao la Nairobi liko Barabara ya Nyerere, na kila mpita njia huliona.

Kujiunga hakuna haraka. Mwombaji awe mwanamume mtu mzima, mwenye sifa njema, anayemwamini Mungu, awe Mkristo, Mwislamu au Mhindu. Wanachama wawili wanaomfahamu humpendekeza, kamati humhoji, kisha loji humpigia kura ya siri kwa vigololi vyeupe na vyeusi. Katika loji zinazofuata kanuni za Uingereza, vyeusi vitatu vinatosha kumzuia, na loji fulani zimeweka idadi ndogo zaidi. Akikubaliwa hupitia daraja tatu, yaani mwanagenzi, fundi na fundi mkuu, na kila daraja ina sherehe yake, mfano wa igizo la mafunzo ya maadili ambalo wahusika hulikariri kwa moyo. Siasa na mabishano ya dini hayaruhusiwi ndani ya loji. Kinachofichwa hasa ni ishara za kutambuana. Mwanachama yuko huru kuwaambia jamaa zake kuwa amejiunga.

Fedha hutoka mfukoni mwa mwanachama: ada ya kuingia, ada ya kila mwaka, suti nyeusi, glavu nyeupe, mlo wa pamoja baada ya mkutano, na michango ya hisani. Ikiwa unachotafuta ni mtaji wa duka, sako, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wanabodaboda itakufaa zaidi.

Kuhusu mama yako, hofu ya Frimasoni nchini imechanganyika na uvumi wa damu na kafara, na mwaka 1994 Rais Moi aliunda hata tume ya kuchunguza ibada za shetani. Sina sababu ya kuutetea uvumi huo. Hata hivyo, katazo la Kanisa lake ni jambo jingine kabisa: Papa Klementi wa Kumi na Mbili alilitoa mwaka 1738, na Novemba 1983 Vatikani ilieleza kuwa Mkatoliki anayejiunga yumo katika dhambi kubwa na hawezi kupokea Komunyo, msimamo uliorudiwa Novemba 2023. Ikiwa nawe ni Mkatoliki, basi utakuwa unachagua kati ya loji na Komunyo, na uamuzi wa namna hiyo haufai kufichwa nyumbani.

Jambo la haraka sasa ni kitambulisho chako. Usifute jumbe zozote za tapeli huyo. Kama laini yako ni ya Safaricom, zisambaze kwa 333, piga *106# uone kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa jina lako, kisha uripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe na uhakikishe umepewa nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi.