Kwa nini chembe za nano hujipanga zenyewe

Umeuliza inawezekanaje chembe zisizovutana zijipange kwa safu nadhifu, ilhali tumefundishwa kwamba entropia, yaani kipimo cha idadi ya namna ambazo chembe zinaweza kukaa, haipungui. Ukweli, ambao mimi huuona kuwa mzuri ajabu, ni kwamba entropia yenyewe ndiyo inayozipanga. Chukua matufe madogo mno ya silika (dutu inayounda mchanga na kioo) yenye ukubwa sawa, yanayoelea majini na kusukumwa huku na huko bila kukoma na molekuli za maji hayo: yakiwa machache huzurura ovyo, lakini yakishafikia takriban asilimia 49 ya ujazo wote huanza kubanana, kila tufe likazingirwa na majirani zake. Hapo yakijipanga kama machungwa yanavyopangwa sokoni, kila moja hupata upenyo zaidi wa kutikisika pale lilipo, na faida hiyo huzidi kile kinachopotea kwa kuacha mpangilio wa ovyo. Matufe yaliyoshindiliwa ovyo hujaza takriban asilimia 64 tu ya ujazo, ilhali ya mtindo wa machungwa hufikia 74.

Sharti ni ukubwa ulingane, na maji yasikaushwe upesi, maana chembe hukwama kabla ya kupata mahali pake.

Itazame opali ya Australia, jiwe la thamani lenye matufe yaliyojipanga hivyo hivyo. Matufe yake ya silika, yenye kipenyo cha nanomita (sehemu za bilioni za mita) 150 hadi 300 hivi, yameachana kwa umbali unaokaribiana na urefu wa wimbi la mwanga, hivyo safu zake huakisi rangi tofauti kulingana na pembe, ndiyo maana ukiligeuza jiwe hilo mkononi, kijani huhamia kwenye wekundu ingawa silika yenyewe haina rangi.