Buti limeandikwa nyuzi 40 chini ya sifuri, mbona vidole vinaganda?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi ni mgeni kwenye uvuvi wa juu ya barafu, nimeanza msimu huu. Nina mabuti ya ngozi ya kupandia milima, lebo inasema gramu 400 na kwamba yanahimili mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Nikitembea kwenda kwenye shimo miguu iko freshi kabisa, ila nikishakaa kwenye kiti haipiti saa moja vidole vimekufa ganzi, na siku yenyewe ni kama nyuzi 12 tu chini ya sifuri. Nimejaribu kuvaa soksi tatu naona ndo imezidi. Je nimeuziwa feki? Ninunue buti gani? Na vile vipaketi vya kupasha vidole joto vinasaidia au ni kutupa hela?

JIBU: Salama mkuu. Umeuliza vizuri sana kwasababu umetaja vitu vitatu ambavyo wengi wanaokuja kwangu kutafuta mabuti huwa hawavisemi mpaka niwaulize: ukitembea uko poa, ukikaa unaganda, ukiongeza soksi hali inakuwa mbaya zaidi. Hapo nusu ya jibu umeshajipa mwenyewe. Hujauziwa feki. Umeuziwa buti la mtu anayetembea, na kuvua kwenye barafu ni kazi ya mtu aliyekaa, tena aliyekanyaga barafu masaa yote.

Buti halitengenezi joto hata kidogo, linachelewesha tu lile la kwako lisitoke. Ukitembea misuli inafanya kazi, joto linazalishwa kwa wingi na damu ya moto inafika mpaka kwenye ncha za vidole, kwa hiyo hata buti la wastani linaonekana la maana. Ukikaa uzalishaji unashuka, afu mwili ukianza kuhisi baridi unabana mishipa midogo ya mikono na miguu ili damu ya moto ibaki kwenye moyo na viungo vya ndani, na vidole vya miguu ndo vya kwanza kukatiwa huduma. Ndo maana huwa namuuliza mteja kavaa nini kichwani na kifuani kabla hata sijamtolea buti, maana kama kiwiliwili kinapoteza joto hamna buti litakaloirudisha hiyo damu vidoleni.

Sasa shida yako hasa iko kwenye soli. Watu wanaangalia unene wa pembeni na manyoya ya juu kwasababu ndo yanaonekana dukani, wakati joto linakimbilia chini. Barafu inapitisha joto zaidi ya mara 80 ukilinganisha na hewa iliyotulia, na wewe umeikanyaga bila kunyanyua mguu. Buti la kupandia milima soli yake ni raba ngumu, mara nyingi nyembamba pale mbele kwenye vidole ili mguu ujikunje vizuri, na baadhi yana kipande cha chuma ndani cha kuipa soli nguvu, ambacho ni kizuri kwenye mawe ila kwenye barafu chuma kinavuta joto balaa. Kwa sababu hiyohiyo usije ukaenda barafuni na buti la kazi lenye kofia ya chuma vidoleni.

Hizo gramu 400 nazo zina maana yake, ni uzito wa kihami joto kwa kila mita moja ya mraba ya kitambaa chake, sio unene wala sio kipimo cha joto, na mara nyingi kitambaa hicho kimezungushwa juu na pembeni ya mguu, chini ya unyayo hakipo au kipo kidogo tu. Hata kikiwepo, kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, uzito wako ukikikandamiza hewa inatoka, kama godoro lililochoka ambalo ukilala unausikia ubao. Kwa maoni yangu 400 ni ya kutembea, 800 ni ya mtu anayekaa na kuinuka inuka, na wa kukaa nusu siku aanzie 1000 au aachane kabisa na hesabu za gramu aende kwenye buti lenye soksi nene ya felti ndani (felti ni kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa pamoja), nitaliongelea hapo chini.

Na ile namba ya nyuzi 40 naomba usiiamini kihivyo. Kwa mabuti ya matembezi na uvuvi hamna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote duniani vinalazimika kukifuata, kila kiwanda kinapima kivyake, na wengi wanamkadiria mtu anayejongea. Viatu vya kazi vya Ulaya angalau vina alama ya CI, hiyo kipimo chake kinajulikana: kiatu kinawekwa kwenye chumba chenye nyuzi 17 chini ya sifuri kwa dakika 30, na joto la ndani kwenye unyayo halitakiwi kushuka kwa zaidi ya nyuzi 10. Ni kipimo cha kweli lakini ona ni dakika 30 tu, we unakaa pale mpaka jioni. Namba itumie kulinganisha buti na buti la kampuni hiyohiyo, basi.

Tuje kwenye soksi tatu, hapa nataka unisikilize vizuri maana ndo kosa ninaloliona kuliko yote. Buti ulilopima kwa soksi moja ukilijaza soksi tatu mambo mawili yanatokea kwa pamoja, kwanza soksi zenyewe zinabanwa zinakosa hewa kwa hiyo hazihami tena joto, pili mguu unabanwa juu pale kwenye kamba na pembeni kwenye vidole, damu ambayo tayari mwili ulishaipunguza inazidi kukosa njia. Dawa sio kuongeza, ni kupunguza soksi na kuongeza nafasi. Vaa soksi moja nyembamba ya merino (sufu laini ya kondoo) au polipropilini (nyuzi za plastiki) inayogusa ngozi, juu yake moja nene ya sufu, imetosha. Pamba usiivae kabisa kwasababu ikinywa jasho haikauki, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo soksi ya pamba iliyolowa inakuibia joto badala ya kukutunzia.

Kupima ni hivi. Nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, beba soksi zilezile utakazovulia. Toa kile kilalio cha ndani cha buti, kiweke sakafuni, kikanyage ukiwa umevaa soksi: mbele ya kidole kirefu kibaki kama upana wa kidole cha mkono, na pembeni nyama ya mguu isimwagike nje ya kilalio. Afu vaa buti, kaa kwenye kiti, maana barafuni utakuwa umekaa, jaribu kuvikunja na kuvinyoosha vidole vyote. Vikicheza kwa uhuru hiyo ni saizi yako hata kama namba ni kubwa kuliko uliyozoea, kwa wengi ni saizi moja juu. Ila usizidishe mpaka kisigino kinapanda na kushuka, maana kila hatua utakuwa unapuliza hewa ya moto nje.

Aina zenyewe sasa. Kwa mtu kama wewe anayeanza, napendekeza lile buti la chini raba, juu ngozi au nailoni, na ndani kuna soksi nene ya felti inayochomoka, Sorel, Kamik na Baffin wote wanayatengeneza. Huko kuchomoka ndo sababu yangu kubwa ya kulipenda. Mguu unatoa jasho hata kwenye baridi, miguu miwili inakadiriwa kuwa na tezi za jasho kama 250,000, na lile jasho lazima liende mahali. Siku ya baridi kali ukirudi chomoa ile felti uchungulie ndani ya ganda la raba, utakuta utando mweupe wa fuwele umeganda ukutani, hasa kule mbele kwenye vidole, ukipitisha kidole unakwanguka kama unga. Hilo ni jasho lako, limepita kwenye felti likakutana na raba ya baridi likaganda hapohapo. Ukiliacha usiku linayeyuka, felti inalinywa tena, na kesho unaanza siku na buti bichi ukidhani limeharibika. Kwa hiyo kila jioni felti nje, kilalio nje, vikauke chumbani kwa hewa ya kawaida yenye mzunguko, usivibandike juu ya hita maana felti itasinyaa na gundi za buti zitaachia. Ukiweza kuwa na pea mbili za felti za kubadilishana, hapo umemaliza.

Buti la neoprini (mpira laini wenye vipovu vya hewa ndani) lenye raba, mfano Muck Boot, ni zuri pale ambapo juu ya barafu kuna maji. Na hili lipo sana: theluji ikiwa nzito inaikandamiza barafu chini, maji yanapanda kupitia mashimo uliyotoboa na unajikuta kwenye tope la theluji linalofika kifundo cha mguu. Ngozi yenye mishono itavuja tu hapo. Shida ya neoprini ni kwamba bitana haichomoki, kuikausha ni kazi ya subira.

Yale meupe makubwa ya jeshi la Marekani, yaliyozaliwa enzi za vita vya Korea, bado wavuvi wanayatafuta na wana haki. Ndani yake sufu imefungiwa katikati ya tabaka mbili za raba, jasho haliwezi kuifikia, kwa hiyo mguu utalowa ila joto linabaki, na hata ukichota maji ndani unamwaga, unabadilisha soksi, unaendelea. Meupe yalilengwa nyuzi 54 chini ya sifuri, ndugu zao meusi nyuzi 29. Kile kivalvu cha pembeni ni cha kufungua ukipanda ndege ili hewa iliyofungiwa isitanuke ikapasua raba, ukiwa ardhini kinafungwa. Ni mazito kwelikweli na soksi lazima ubadilishe mara kwa mara, kama hapo kuna kilomita za kutembea sikushauri.

Kuna na yale mepesi ya foma tupu ya EVA, ukilibeba mkononi unashangaa lilivyo jepesi, na joto lake ni zuri sana kwa mtu wa kukaa. Angalia tu lisikutane na visu vya drili ya barafu, na soli yake inateleza. Kuhusu kuteleza, yale meno ya kuvalisha juu ya buti nunua kwa kupima nje ya buti lenyewe sio kwa namba ya mguu wako, mpira wake ukikaza sana unabana buti na tunarudi palepale pa damu kukosa njia.

Kabla hujatoa hela ya buti jipya lakini, jaribu hivi wikiendi hii na hayohayo uliyonayo. Rudi kwenye soksi mbili, legeza kamba ukishakaa, na chini ya miguu weka kipande cha foma ngumu isiyonyonya maji, cha sentimita 3 hivi au zaidi, au hata ubao mkavu, miguu isiguse barafu kabisa. Nenda na soksi nyembamba ukitembea, ukifika na kabla mguu haujapoa badilisha uvae kavu. Kila baada ya nusu saa hivi inuka uzunguke mashimo yako. Wengi wanapata nafuu kubwa kwa hicho kipande cha foma peke yake, na hata ukinunua buti jipya bado utakihitaji.

Vile vipaketi sio kutupa hela ila vina masharti. Ndani ni unga wa chuma unaoungana na oksijeni na kutoa joto, bila hewa hamna joto, kwa hiyo kwenye buti lililokubana vinazimika, na watu wanasema ni vibovu. Fungua uache hewani dakika kadhaa mpaka viamke, bandika juu ya vidole nje ya soksi nyembamba, visiguse ngozi na visikae chini ya unyayo unapokandamiza. Chukua vilivyotengenezwa kwa ajili ya miguu, sio vya mikono. Mwenye kisukari au aliyepungukiwa hisia miguuni aongee na daktari wake kwanza, maana anaweza kuungua asisikie.

Na hiyo ganzi usiizoee mkuu, tafadhali. Vidole vikiacha kuuma ghafla wakati baridi bado ipo, hiyo sio nafuu. Toa buti uangalie, ukiona ngozi imepauka, ngumu, kama nta, ondoka barafuni. Usisugue, usiweke karibu na moto wala hita kwasababu hutasikia ukiungua, ingia ndani na utumbukize mguu kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 mpaka 39, na ufanye hivyo pale tu una uhakika hautaganda tena, maana kuyeyuka na kuganda mara ya pili kunaharibu zaidi kuliko mara ya kwanza. Hisia zisiporudi au yakitokea malengelenge, hospitali siku hiyohiyo.