Mtetezi wa elimu ya lishe aanzie kwenye bajeti ya halmashauri

Kwa miaka sita nilizunguka vijiji vya Mufindi, mkoani Iringa, nikiwa na chati ya makundi ya vyakula mkononi, nikiamini kwamba mama akishaujua ubora wa maharage, dagaa, parachichi na majani ya maboga, mtoto wake hatadumaa. Niliyofundisha yalikuwa sahihi. Hata hivyo, siku moja kliniki mama mmoja aliniambia kwa upole: "Mwalimu, hayo tumeyasikia. Mimi naondoka alfajiri kwenda kuchuma chai, narudi jua limezama, na huyu mdogo anabaki na dada yake wa miaka saba na uji wa asubuhi. Hayo mapishi atayapika nani?"

Swali hilo lilinifanya nizitazame upya takwimu nilizokuwa nimezikariri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8, yaani mikoa ileile inayovuna mahindi ya kulisha wengine. Mahali palipo na chakula kingi namna hiyo, ujumbe wa "kuleni mlo kamili" hautoshi, kwa sababu kinachopungua ni muda wa mama, ulezi wa mtoto mchana, na baba anayekubali kwamba kuku na mayai si ya kuuzwa yote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuitetea elimu ya lishe mbele ya viongozi ni huu: kabla ya kuomba mabango na semina, fuatilia fedha ambazo tayari zimeahidiwa. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wilaya yenye watoto 20,000 inapaswa kuwa na shilingi milioni 20. Mwulize afisa lishe ni kiasi gani kilitengwa, ni kiasi gani kilitolewa, na kilitumika kwa kazi gani, kwa kuwa kutenga ni jambo moja na kutoa ni jingine kabisa.

Mimi nilikwenda kuuliza mwezi Mei, nikapokelewa vizuri na kuambiwa kwamba bajeti imekwisha kupitishwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huanza kuandikwa miezi mingi kabla, na inaanzia kijijini. Nenda kwa diwani wako kuanzia Novemba, tena usiende peke yako. Nenda na akina mama wawili watatu wenye kadi za kliniki, kwa sababu kadi yenye mstari wa uzito ulioshuka humgusa diwani kuliko hotuba yangu yoyote.

Fedha hizo zikipatikana, ningeomba kwanza ziimarishe Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, yaani siku ya kupima watoto na kufundisha lishe papo hapo kijijini, na ifanyike siku ambayo vibarua wa mashambani wanapumzika, ili baba naye awepo. Iringa tunayo kumbukumbu ya jambo hili: miaka ya 1980, katika mpango ulioanza na vijiji 168, watoto walipimwa uzito na wanakijiji wenyewe wakajadili sababu na hatua za kuchukua. Pili, ningeomba malezi ya mchana kwa watoto wa wachuma chai, penye uji wa mchana wenye karanga au maziwa. Mabango yanaweza kusubiri.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mtendaji aweke matokeo ya kupima watoto kuwa ajenda, na yasomwe mapema, kabla watu hawajaanza kuondoka kuwahi mifugo.