Twiga wa rangi 38 au korongo mdogo: seti ipi ya kudarizi misalaba inamfaa anayeanza?

Swali

Habari za kazi, mwalimu. Niko Arua, mama wa watoto watatu. Vitambaa vya makochi nafuma mwenyewe kwa kroshia tangu nikiwa shule, ila kudarizi kwa misalaba sijawahi. Dada yangu wa Kampala anataka kuniagizia seti mtandaoni na amenitumia picha za seti tatu, nami nimeziambatanisha hapa. Ya kwanza ni ua kubwa lililochapwa kwenye kitambaa chenyewe, 11CT. Ya pili ni korongo mdogo, 14CT, misalaba 70 kwa 70, rangi 9. Ya tatu ndiyo niliyoipenda: twiga na mtoto wake, 14CT, 200 kwa 280, rangi 38. Zote tatu zimeandikwa kwamba zinafaa wanaoanza. Hizo CT ni nini, na nichukue ipi? Navaa miwani ya kusomea na muda wangu ni usiku watoto wakishalala. Halafu binti yangu wa miaka minane anataka tushone pamoja. Yeye nimnunulie nini?

Jibu

Njema, dada, na karibu. Mwambie dada yako aagize korongo. Twiga atakuwepo tu, utamrudia baadaye. Ua la kuchapwa ningelipita, ingawa wauzaji wengi watakuambia ndilo rahisi kuliko yote.

Kwanza hayo maandishi ya "inafaa wanaoanza" yasikubabaishe. Hakuna anayepima ugumu wa seti hizi. Kila kiwanda hujiandikia kinavyoona, na muuzaji wa mtandaoni hubandika maneno yaleyale kwenye kila bidhaa aliyonayo. Ugumu unausoma mwenyewe, kwenye kitambaa kwanza, kisha kwenye chati, yaani ule mchoro wa vijumba na alama unaoufuata ukishona.

CT ni idadi ya vijumba ndani ya inchi moja ya kitambaa. Kitambaa kinachotumika sana huitwa Aida, nacho hufumwa kwa mafungu ya nyuzi hadi kikatoa vijumba vya mraba vyenye tundu kila kona. Msalaba mmoja hukaa kwenye kijumba kimoja, sindano ikipita kwenye matundu yake manne. Ukilaza futi ya fundi juu ya Aida ya 14CT, utahesabu vijumba 14 katika inchi moja. Namba ikipanda, kijumba kinapungua. Zinazopatikana zaidi ni 11, 14, 16 na 18. Kwa mwenye miwani ya kusomea na anayeshona usiku, kazi ya kwanza isizidi 14. Hiyo 16 inavumilika mchana ukikaa barazani, na 18 iache mpaka vidole vizoee kulitafuta tundu vyenyewe.

Namba hiyohiyo inakupa ukubwa wa kazi. Gawanya idadi ya misalaba kwa CT, unapata inchi. Korongo ni 70 kwa 14, yaani inchi 5 kila upande, karibu sentimita 13. Twiga ni inchi 14 na kidogo kwa inchi 20. Sasa zidisha 200 kwa 280 uone: misalaba 56,000. Anayeanza apange misalaba kama 100 kwa saa, na akipita hapo ni faida yake. Twiga anataka saa 560. Ukishona saa moja kila usiku bila kukosa, pamoja na siku za homa za watoto na siku za msiba, ni mwaka mmoja na nusu. Korongo, hata ungejaza kila kijumba, ni 4,900 tu. Na kwenye picha uliyotuma naona nyuma yake kitambaa kimeachwa kitupu, kwa hiyo ni pungufu ya hapo sana.

Lakini wingi wa misalaba si ndio ugumu wenyewe. Naweza kukupa kazi kubwa ya rangi nne ukaimaliza huku unapiga soga. Kinachowashinda watu ni chati, na hili muuzaji hakuonyeshi mpaka umwulize.

Chati huwa na mistari minene kila baada ya vijumba kumi, kwa hiyo imegawanyika katika miraba ya kumi kwa kumi. Dada yako amwombe muuzaji picha ya ukurasa mmoja wa chati, iliyo wazi. Chagua mraba mmoja katikati ya mchoro, pembeni hapana kwa sababu huko huwa kuna nafasi tupu, kisha hesabu alama tofauti zilizomo. Kila alama ni rangi yake. Ukikuta tatu, nne au tano, hiyo ni kazi ya anayeanza, hata kama boksi halisemi hivyo. Ukikuta kumi au zaidi, hiyo si kazi yako kwa sasa, hata boksi liseme nini.

Tuseme uko kwenye shingo ya korongo. Unatia uzi wa kijivu, unashona misalaba sita kwenda kulia, unashuka safu, unashona sita kurudi, unashuka tena. Ukikosea kijumba kimoja utagundua mapema, maana ukingo wa shingo utajitokeza. Njoo sasa kwenye mwili wa twiga: msalaba mmoja wa kahawia iliyoiva, miwili ya kahawia nyepesi, mmoja wa rangi ya mchanga, kisha ile kahawia ya kwanza tena, halafu nyingine ambayo kwa jicho haitofautiani nayo. Kwa kila rangi unatia uzi, unashona msalaba mmoja au miwili, unaufichia mkia wake chini ya mishono ya upande wa nyuma, unakata, unaanza nyingine. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kukumalizia jioni nzima, na kosa likiingia hulioni mpaka umeshafika mbali.

Chati za namna hiyo mara nyingi ni picha ya kamera iliyopitishwa kwenye programu ya kompyuta. Programu huchukua kila kijumba na kukipa rangi ya uzi iliyo karibu, haijui kwamba kuna mtu atakayekaa na sindano. Fundi anayechora chati kwa mkono huzikusanya rangi pamoja, naye huacha vijumba vitupu pale ambapo macho yatajaza yenyewe. Dalili nyepesi ya kuitambua ile ya kompyuta ni orodha ya rangi: ukiona kahawia sita au kijani saba, na hakuna kijumba kilichoachwa tupu, iweke kando.

Kuhusu ua la kuchapwa. Kwenye boksi za Kiingereza utaona "Stamped" kwa zilizochapwa na "Counted" kwa zile za kuhesabu kutoka kwenye chati. Wazo la kuchapa ni zuri, maana huhesabu chochote, unafuata rangi iliyoko chini. Tatizo ni kwamba chapa haikai sawa na vijumba kila mara. Ikihama nusu kijumba, kila msalaba unajiuliza ufuate tundu au ufuate wino. Halafu wino ule umekusudiwa uondoke kwa kufua ukishamaliza, na maelekezo ya maji ya baridi au ya vuguvugu hutofautiana kwa kila seti, kwa hiyo yasome kwanza. Usiipige pasi kabla ya kufua, joto linaweza kuugandisha wino hapohapo. Namshauri seti ya kuchapwa mtu ambaye kuhesabu kunamchosha kichwa kabisa, au ambaye macho yanahitaji vijumba vikubwa vya 11. Wewe unafuma kroshia, kuhesabu ndiyo kazi yako ya kila siku. Ujuzi huo usiutupe.

Kitakachokuwa kigeni kwako ni uzi. Uzi wa kudarizi ni nyuzi ndogo sita zilizolazwa pamoja, na huzitumii zote. Kwenye 14CT unachomoa mbili, kwenye 11CT tatu, kwenye 18CT mbili au moja. Kata urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, ukizidisha utajifunga mafundo. Chomoa moja moja kisha uziunganishe, usivute mbili kwa mpigo. Fundo mwanzoni hatupigi: unapohitaji mbili, badala ya kuziunganisha chukua uzi mdogo mmoja wenye urefu maradufu, ukunje katikati, tia ncha zote mbili kwenye sindano, na mshono wako wa kwanza nyuma uupitishe ndani ya kitanzi kilichobaki. Sindano iwe butu, namba 24 kwa 14CT. Kwenye sindano hizi namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba, kwa hiyo 11CT inataka 22, na 16 au 18 zinataka 26. Na mkono wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja kazi nzima, la sivyo ukiitundika mwanga utaonyesha mabaka.

Muulize muuzaji pia kama orodha ya rangi ina namba za DMC. Hiyo ni kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1746, na namba zake ndizo zinazofahamika zaidi: 310 ni nyeusi popote utakapokuwa, na kibunda kimoja kina mita 8. Uzi ukikuishia, na anayejifunza hufumua na kupoteza mwingi, utaagiza rangi hiyohiyo peke yake. Seti yenye namba zake za kujitungia, uzi ukiisha umekwama.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye chati, mbali na ile mistari ya kila vijumba kumi, ni mistari minene inayopita kandokando ya alama. Hiyo ni mishono ya kurudi nyuma, inayochora kingo baada ya misalaba yote kuisha, kwa kawaida kwa uzi mdogo mmoja. Si migumu, na taji la korongo wako naona limechorwa hivyo, kwa hiyo utaijifunza huko mwishoni. Ninachokuambia ukikwepe kwa sasa ni alama zilizobanwa kwenye nusu au kona ya kijumba. Hapo unatakiwa kutoboa katikati ya kijumba cha Aida ambako hakuna tundu, na kwa macho ya usiku hiyo ni adhabu.

Kuhusu usiku wenyewe: taa ikae upande wa mkono usioshika sindano ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Rangi zinazofanana zipange mchana, uzifunge kwenye kadi na kuziandika alama zake, maana chini ya balbu ya njano, au ile taa ya sola umeme ukikatika, kahawia na zambarau iliyokoza ni ndugu. Aida nyeupe na vumbi jekundu la Arua ni maadui, hivyo ikunje ndani ya leso safi, na nyuzi ziweke kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Kitambaa cheusi kinavutia kwenye picha, lakini matundu yake hayaonekani mpaka ulaze kitu cheupe mapajani. Siku hizi pia kuna seti za kubandika vishanga vidogo vya plastiki kwenye gundi, zinauzwa kwenye kurasa zilezile na picha zinafanana kabisa na za misalaba. Kama kwenye orodha ya vilivyomo hakuna sindano wala uzi, si kudarizi huko.

Korongo akiisha, mfue kwa maji baridi na sabuni laini, ila kabla ya hapo bana kitambaa cheupe chenye maji juu ya uzi mwekundu uone kama unachuja. Pasi mpige upande wa nyuma, juu ya taulo, na kama ni pasi ya mkaa weka kitambaa kingine katikati. Baada yake chukua kazi ya rangi 15 hadi 20, bado kwenye 14CT, yenye mishono ya kurudi nyuma mingi zaidi. Twiga ukimtaka bado, mtafute aliyechorwa kwa mkono, mwenye kahawia tatu au nne badala ya kumi. Wapo, na ukutani kwa mbali hutaona upungufu wowote.

Binti yako usimnunulie seti yenye picha ya kupendeza ya 14CT, atachoka kabla ya kumaliza safu. Mtafutie kitambaa cha vijumba 6 au 8 kwa inchi, au ile karatasi ngumu ya plastiki yenye matundu, ambayo haihitaji fremu ya kuikaza na haikunjamani mkononi. Atumie nyuzi zote sita bila kuchomoa, na sindano kubwa butu. Chati mchoree wewe kwenye daftari la hesabu la vijumba, herufi za jina lake zinatosha, rangi achague yeye. Miaka minane wengi wao wanaweza kushona safu nzima ya nusu misalaba kwenda, kisha wakarudi wakiifunga, na hiyo ni rahisi kwao kuliko kumaliza msalaba mmoja mmoja. Kutia uzi kwenye sindano msaidie mwanzoni, au mwekee sindano tatu zenye nyuzi tayari ili usiinuke kila dakika kutoka kwenye korongo wako.