Kati ya IST, Passo na X-Trail, lipi la kukaa nalo miaka kumi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba fedha ulizonazo zinatosha kuagiza gari moja tu kutoka Japani, kwamba unafanya kazi Dar es Salaam na kila Desemba unakwenda Njombe na familia, na kwamba unataka gari utakalodumu nalo miaka kumi. Umetaja IST ya mwaka 2005, Passo ya mwaka 2012 na X-Trail ya mwaka 2009, na wachangiaji walionitangulia wamekujibu karibu kwa sauti moja: chukua Toyota, achana na Nissan. Siwabezi, lakini jibu hilo halikuvushi popote, kwa sababu magari mawili kati ya hayo matatu ni Toyota, na hayo mawili hayafanani hata kidogo katika kile kitakachokutoa fedha mfukoni huko mbele. Nimekuwa na IST kwa muda mrefu na nimekuwa nikifuatilia matengenezo ya magari ya ndugu zangu kadhaa, na kwa niliyoyaona, mtu anayetaka gari la kudumu hachagui jina lililoandikwa kwenye buti; anachagua injini na giaboksi, kisha anaangalia kama mafundi wa njia anayopita wanazijua.

Nianze na IST, gari ambalo sifa yake hapa kwetu imekuwa kubwa kuliko gari lenyewe. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002 likiwa na injini za aina mbili, 2NZ-FE ambayo mtaani tunaiita cc 1290, na 1NZ-FE, ile ya cc 1490. Zote mbili zinatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, nozeli zake zinapuliza petroli kabla ya valvu na si ndani ya silinda, na giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida yenye gia nne. Hakuna ufundi wa kushangaza hapo, na hiyo ni nusu ya sababu ya magari hayo kudumu.

Nusu ya pili haikutoka kiwandani. Injini hiyohiyo ya 1NZ imefungwa kwenye Vitz, Platz, Funcargo, Raum, Spacio, Fielder, Probox na hata Premio ndogo, na Wakenya wanaijua vizuri kupitia Probox zinazokimbiza miraa kutoka Meru. Kwa hiyo koili, wota pampu, au hata injini nzima ya mtumba unaipata Ilala au Gerezani siku hiyohiyo, na fundi wa Makambako ameshazifungua nyingi kiasi kwamba hahitaji kujifunzia kwenye gari lako. Watu wengi hawalioni jambo hili wanapozungumzia ubora. Gari ambalo spea zake ziko kila kona hutengenezwa mapema, wakati kasoro ingali ndogo na nafuu. Gari ambalo spea yake inasubiriwa wiki tatu huendeshwa hivyohivyo na ubovu wake, hufungwa waya, hubandikwa kifaa cha gari jingine, na mwishowe hupewa jina baya ambalo sehemu kubwa yake ni kazi yetu wenyewe. IST inatengenezwa, magari mengine yanavumiliwa.

IST yangu ni namba C, yaani ya usajili wa miaka mingi iliyopita, na injini yake haijawahi kufunguliwa. Ninachobadilisha ni vile ambavyo barabara zetu na matuta yetu hula kwenye gari lolote: shokapu, bushi, stabilaiza link na maunting za injini. Oili ni lita 3.7 pamoja na filta, hivyo galoni moja ya lita nne inatosha na kidogo hubaki cha kuongezea. Hata hivyo nisikupambie. Gari la mwaka 2005 ni la zamani sasa. Mpira na plastiki zake zimekauka hata kama lilitunzwa vizuri Japani, na TRA watakutoza ushuru wa uchakavu, ambao huanza gari likizidi miaka 8 na kupanda tena likizidi miaka 10. Wapo wanaolipa zaidi ya nusu ya gharama yote kwa ajili ya kodi, kisha wanakosa fedha ya kubadilisha mipira ya rejeta. Weka fungu hilo pembeni kabla hujaagiza.

Passo ya mwaka 2012 ni Toyota kwa jina, lakini chini yake kuna mambo mengine kabisa. Injini ya nyingi ni 1KR-FE, ya silinda tatu na cc 996, iliyobuniwa na Daihatsu. Si injini mbaya. Miaka kadhaa mfululizo kuanzia 2007 ilipata tuzo ya kimataifa katika kundi la injini zisizozidi lita moja. Inatetemeka kidogo ikiwa imesimama, na hilo ni tabia ya silinda tatu wala si ugonjwa, ingawa nimeona watu wakibadilishiwa maunting bure kwa sababu hiyo. Tofauti kubwa iko kwenye giaboksi. Passo za kwanza, zilizotoka mwaka 2004, zilikuwa na otomatiki ya gia nne, lakini toleo lililoanza mwaka 2010 lilihamia CVT, giaboksi ya mkanda nitakayoieleza hapa chini. X-Trail ya mwaka 2009 nayo ni toleo la T31 lenye injini ya MR20, na nyingi zinazoletwa huku zina CVT pia. Kwa hiyo, kwa mtu anayewaza miaka kumi, Passo hiyo na X-Trail hiyo zimekaribiana kuliko Passo hiyo na IST.

CVT haina gia zinazobadilishana. Kuna mkanda au cheni ya chuma inayopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na uhai wake wote unategemea oili maalumu inayotoa msuguano unaotakiwa na kuondoa joto. Ikiwekewa oili isiyo yake, au oili yake ikichakaa na kuungua, mkanda huanza kuteleza, nao ukishateleza huikwaruza puli, na puli iliyokwaruzika haina dawa ya bei ndogo. Hofu ya watu juu ya giaboksi hizi haikuzuka hewani. Mwaka 2009 Nissan yenyewe iliongeza dhamana ya CVT zake kwa wateja wa Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000, jambo ambalo kampuni haifanyi kwa kitu kisicho na malalamiko. Lakini dhamana hiyo haikutufuata huku, na huku ndiko magari hayo yalikokuja kumalizia umri wao.

Nikupe mfano mmoja nilioufuatilia kwa karibu. Shemeji yangu aliagiza gari dogo lenye CVT. Kampuni siitaji, kwa kuwa kosa halikuwa la kiwanda. Lilifika likiwa safi kabisa. Katika sevisi ya kwanza fundi aliona oili ya giaboksi imepungua kidogo, akaongeza ile haidroliki nyekundu anayoiweka kwenye kila gari la otomatiki na kwenye stelingi. Haikuonekana tofauti kwa muda. Baadaye gari likaanza kushtuka kila linapoondoka kwenye taa, mshtuko mdogo ambao abiria haufahamu lakini dereva anauhisi kwenye kiti. Wakambadilishia plagi, wakamsafishia nozeli, wakambadilishia maunting. Alipolipeleka Iringa na kuanza kupanda Kitonga, injini ikawa inanguruma na mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari lenyewe likawa halipandi. Giaboksi ilipofunguliwa, oili iliyomwagika ilikuwa nyeusi na chini ya sampo mlikuwa na unga wa chuma mwembamba uliong'aa kidoleni. Akafunga giaboksi ya mtumba, na mitaani kwao gari la aina hiyo likaandikwa kuwa bovu. Kila anayeuliza anaambiwa linaua giaboksi, na hakuna anayetaja oili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa D4 pia, jina la Toyota kwa injini za kupuliza petroli ndani ya silinda, na wakongwe humu watakumbuka. Kuanzia mwaka 1996 Mitsubishi na Toyota walianza kuuza injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ubunifu huo una kasoro zake halisi: petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo haizioshi na masizi hujikusanya hapo, na pampu yake ya presha kubwa haivumilii uchafu. Sasa chukua injini ya namna hiyo uilete katika nchi ambayo wakati ule petroli ilikuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, kiasi kwamba EWURA, wasimamizi wa nishati, walilazimika kuanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kugundua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010. Sisemi kwamba D4 zilionewa tu. Mimi mwenyewe sinunui Premio au Opa ya D4 hata kwa bei ya kutupa, kwa kuwa sasa ni za zamani na kuzirudisha katika hali yake ni ghali. Nasema tu kwamba jina baya mara nyingi lina baba wawili, na ni vizuri kujua yupi bado anaishi. Petroli imekuwa bora. Oili isiyo sahihi ya CVT bado inamwagwa kila siku.

Kuhusu hali ya gari linapotoka Japani, usihofu kwamba wanatutupia yaliyowafia. Gari kule hukaguliwa likifika miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, kwa ukaguzi unaoitwa shaken, ambao si wa bei ndogo, na gari la petroli likizidi miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezwa. Kwa hiyo wenye magari hukadiria, huona bora wauze, na gari linaingia mnadani likiwa bado zima. Omba nakala ya karatasi ya mnada na usikubali maelezo ya mdomo. Alama 4 ni nzuri kwa gari la umri huo, 3.5 inavumilika kama bei inaendana, na R au RA maana yake limewahi kugongwa na kurekebishwa. Linganisha kilometa za kwenye karatasi hiyo na za kwenye dashibodi. Omba pia picha za chini ya gari, kwa sababu magari ya kaskazini, hasa Hokkaido, hutembea juu ya chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu, na kutu ya chini huonekana tu pale fundi anapokata bolti ya kwanza. Redio kutokushika stesheni zetu na yule mama wa Kijapani anayezungumza kila ukiwasha gari si kasoro. Huyo analalamikia kadi ya kulipia barabara za kwao.

Kuna jambo moja ambalo kwa safari yako ya Njombe nalipa uzito kuliko yote niliyoyasema, nalo ni upoozaji. Magari mengi madogo ya aina hii hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishachemka, na nyekundu ikiwaka kwenye kona za Kitonga, mara nyingi silinda hedi imeshaanza kupinda. Tumia kulanti na si maji ya bomba, badilisha mfuniko wa rejeta ukiwa umechoka kwa kuwa presha yake ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema, na usimruhusu fundi yeyote akutolee themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto. Najua wanavyosema, kwamba Dar ni joto na themostati haina kazi. Injini isiyofikia joto lake huongezewa petroli na kompyuta kila wakati, hulainishwa vibaya, na siku feni inapokufa utachemsha vilevile. Kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kinachounganishwa na simu, kitakuonyesha joto kwa namba, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na hedi.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, mimi ningechukua IST ya cc 1490 na si ya 1290, kwa sababu ya mlima ukiwa na watu watano na mizigo, au ningekwenda kwa Raum au Spacio zenye injini hiyohiyo kama buti ya IST inakubana. Passo ningempa mtu asiyetoka mjini, kwa sharti kwamba oili ya CVT ibadilishwe kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na mahali wanapojua kupima kiwango chake gari likiwa na joto. X-Trail T31 ni gari zuri la barabara ndefu, limekaa vizuri na lina nafasi, lakini ningelinunua tu nikiwa nimebakiza fedha ya giaboksi, na nisingeliagiza bila kuliona. Tafuta lililopo hapa nchini, muulize mwenyewe kama amekuwa akitumia NS-2, oili ya CVT ya Nissan, na kama ana risiti, liendeshe kwenye foleni ya Mandela hadi lipate joto kamili, kisha uliondoe polepole kwenye kimwinuko bila kukanyaga sana. Likishtuka, au likilia sauti nyembamba inayopanda pamoja na mwendo, mrudishie funguo zake.