Wewe saidia fundi mpya, linda kiuno chako kabla hakijakugomea

Mgongo wangu ulinikamata nikiokota ndoo tupu. Ilikuwa saa kumi jioni, jamvi, yaani zege la sakafu, tumeshalimaliza, nikainama kuchukua ndoo nikaioshe, na hapo hapo kiuno kikagoma. Kunyooka siwezi, kukaa siwezi. Wenzangu wawili walinishika mabega wakanilaza kwenye turubai, jasho la baridi likinitoka.

Kwa muda mrefu niliilaumu ile ndoo. Sasa, mdogo wangu unayeanza kazi ya usaidia fundi, nakwambia ndoo haikuwa na kosa. Kilichoniumiza ni chepe la tangu asubuhi, na la siku nyingi kabla ya hapo. Ndoo ilinikuta nimeshachoka.

Mgeni wa saiti anaogopa mfuko wa simenti kwa sababu kilo zake 50 zimeandikwa ubavuni. Karai la zege halijaandikwa kitu, kwa hiyo halihesabiwi. Lakini lita 10 tu za zege zina karibu kilo 24. Liinue kutoka chini mara 200 kwa siku, umeshabeba karibu tani tano kwa kiuno kile kile. Kiuno kina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, kama kijimto cha kupokea uzito. Diski mbili za chini kabisa ndizo zinazoumia mara nyingi, na kinachozitesa zaidi ni kuinama na kujipinda kwa wakati mmoja huku mkononi kuna mzigo.

Sasa mtazame mtu anayekoroga zege kwa chepe. Miguu ameipanda palepale kama nguzo. Anainama, anazoa, anapinda kiuno, anamwaga kushoto. Anarudi, anazoa, anapinda, kushoto tena. Saa nzima upande mmoja! Huyo nikimwona namsimamisha, hata kama fundi ananikodolea macho. Geuza miguu, usigeuze kiuno: kidole gumba cha mguu kielekee pale unapomwaga. Mkono mmoja ushike mpini karibu na bati la chepe, kunja magoti, na usilijaze chepe mpaka linamwagika, hasa mchanga ukiwa umenyeshewa mvua. Ukishamaliza bechi moja, yaani mkorogo mmoja, hamia upande wa pili. Siku za mwanzo utajiona mzembe, mkono wa kushoto haujui kazi. Vumilia, utajua. Na ukipewa chepe lenye mpini mfupi kuliko urefu wako, omba lingine, kwa sababu mpini mfupi unakuinamisha kutwa.

Tofali nalo lina lake. Tofali la inchi sita ukilishika mbali na mwili, mikono imenyooka, linakandamiza kiuno zaidi sana kuliko ukilikumbatia tumboni. Wengi tunaliweka mbali ili tusichafue shati. Chafua shati.

Simenti ndiyo mzigo wa kutwishana. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55, kwa hiyo mfuko mmoja umeshafika karibu na mwisho. Usijitwike mwenyewe kutoka chini. Wawili wamtwishe wa tatu, na mifuko ipangwe juu ya mbao, isilale ardhini. Simenti haitapata unyevu na wewe hutaanzia chini kabisa.

Asubuhi kuwa mwangalifu zaidi. Usiku diski hunyonya maji zikavimba kidogo, na saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama kunazikaza kuliko mchana. Ukiongeza safari ya kurushwarushwa nyuma ya lori, kisha unashuka na kuanza kupakua nondo, unajitafutia. Tembea kidogo, kusanya vifaa, ndipo ushike kizito.

Najua utaniambia zege halilali. Ni kweli, simenti ikishaguswa na maji haingoji mtu. Ndiyo maana kupokezana kunapangwa kabla maji hayajamwagwa: nani chepe, nani maji, nani karai, na baada ya bechi ngapi mnabadilishana. Ukipanga zege likiwa tayari, umechelewa.

Kiuno kikikukamata, usikubali kuambiwa haraka kwamba ni ngiri, wala usikimbilie dawa za nguvu za kiume. Maumivu mengi ya kiuno yanatokana na misuli na viungo, na hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Usilale kitandani wiki nzima. Tembea polepole ndani ya uwezo wako, na mizigo iache kwanza. Diklofenaki nayo si karanga. Ukiitafuna kila asubuhi ili uende kazini, inaumiza tumbo na figo, na inakunyamazishia maumivu yaliyokuwa yakikuonya.

Maumivu yakishuka mpaka chini ya goti, kama umeme au ganzi, huenda diski imebana mshipa wa fahamu, mwone daktari. Lakini mguu ukilegea, ganzi ikiingia katikati ya mapaja sehemu unayokalia, au mkojo ukagoma kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku. Kucheleweshwa hapo kunaweza kukuachia ulemavu. Na kiuno kinachouma wiki baada ya wiki pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, kapime TB, maana inaingia hata kwenye uti wa mgongo.

Jambo ambalo mimi sikulifanya: sikumwambia msimamizi siku ile. Nilirudi nyumbani kimya, na nilipokuja kulalamika wiki iliyofuata nikaulizwa ushahidi uko wapi. Kiuno hakina kidonda cha kuonyesha. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na anayechangia ni mwajiri, si wewe. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo mbele ya mwenzako aliyeona, na hospitalini eleza kwamba uliumia kazini, ulikuwa unabeba nini na saa ngapi, ili viandikwe kwenye cheti chako.